Kabla ya kwenda yadi, pita Gerezani

Kwenye biashara ya magari ya mkononi Dar es Salaam, herufi moja ina thamani ya mamilioni. Dalali haanzi kwa kukuambia gari limetengenezwa mwaka gani. Anaanza hivi: "Namba E, bosi wangu, bado mbichi." Likiwa namba D, atahakikisha umejua kwamba ni D za mwisho, si zile za mwanzo. Likiwa C, sauti inashuka kidogo na sifa za injini zinaongezeka: haijafunguliwa, ilikuwa ya mdada mmoja tu, kazini na nyumbani, Jumapili kanisani. Namba B na A haziringiwi tena. Hizo ni "gari za kuanzia maisha".

Herufi hiyo inasema jambo moja tu, nalo ni lini gari lilisajiliwa Tanzania. Haisemi lilitoka kiwandani lini, limetembea wapi, wala nani alikuwa analiwekea oili. Chukua Toyota IST ya umbo la kwanza, hii iliyojaa mjini. Ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, basi. IST ya 2004 iliyoshushwa bandarini mwaka 2012 ina namba C. Nyingine ya mwaka huohuo wa 2004, iliyobaki Japani hadi 2019, ina namba D. Ya tatu ikishushwa leo inapewa E, na mtu anaongeza milioni kadhaa juu yake akiamini amenunua gari jipya zaidi. Umri ni uleule. Na namba D yenyewe si kipimo cha kitu: ilianza kuonekana katikati ya miaka ya 2010 ikaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 2020, kwa hiyo D mbili zinaweza kupishana miaka mingi ya kupigwa na matuta yetu.

Sikatai kwamba namba E ina nafuu yake. Gari lililokaa Japani muda mrefu lilipitia ukaguzi wao wa lazima, ule wanaouita shaken: wa kwanza gari likifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Barabara zao hazina mashimo ya Kigogo. Lakini huko nako kuna mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula chuma cha chini kimyakimya. Gari linafika Dar linang'aa juu, chini limeoza. Ukilala chini ya gari kwa dakika tano na tochi ya simu utajifunza mengi kuliko yale utakayoyasoma kwenye kibao cha namba.

Kinachonishangaza ni kwamba watu wa Mchikichini, ambao wanajua kuchagua mtumba kuliko mtu yeyote nchini, ndio hao hao wanaoyumbishwa na herufi. Mtazame mnunuzi pale soko la Karume. Anageuza shati ndani nje, anakagua kwapa na kola, ananyoosha mshono kwenye mwanga, ndipo anauliza bei, na bei yenyewe anaikataa. Mtu huyohuyo akifika yadi anafungua mlango, anakaa, anawasha kiyoyozi na redio, anapiga picha.

Umri wa kweli wa gari la Japani unapatikana kwa namba ya chesisi. Tofauti na magari ya Ulaya na Marekani yenye namba ya tarakimu na herufi 17, la Japani lina namba fupi: NCP60 au NCP61, kwa mfano, kisha tarakimu za mfululizo. NCP60 ni IST ya injini ya cc 1300, NCP61 ni ya cc 1500. Mwaka haumo ndani ya namba hiyo. Inabidi itafutwe kwenye orodha za uzalishaji, kazi ambayo siku hizi hufanywa kwa simu ukiwa umesimama palepale. Linganisha na mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Vuta pia mkanda wa kiti hadi mwisho, kwa kuwa chini kabisa huwa kuna kitambulisho kidogo cha kitambaa chenye tarehe ya kutengenezwa kwake. Mikanda inayopishana tarehe kwa miaka ina hadithi yake, na aghalabu ni hadithi ya ajali.

Serikali nayo haijali herufi, inajali umri. Kenya imefunga mlango kwa gari lililozidi miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Sisi hatukufunga mlango, tuliweka tozo mlangoni. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa hufuata ukubwa wa injini: sifuri kwa isiyozidi cc 1000, asilimia 5 hadi cc 2000, asilimia 10 kwa zinazozidi hapo. Gari dogo la abiria la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15 ya uchakavu, na lililopita miaka 10 huongezewa 30. Juu ya yote hayo inakaa VAT ya asilimia 18. Piga hesabu taratibu: kwa IST ya zaidi ya miaka 10, kila shilingi 100 ya thamani ya gari likiwa bandarini inageuka karibu shilingi 200 kabla ya tozo ndogondogo. Kwa gari la injini kama hiyo lililo chini ya miaka 8, shilingi 100 hiyo inaishia kwenye 155. Na hiyo thamani si ile uliyolipa wewe. TRA wana kikokotoo chao.

Kwa hiyo gari kuukuu linabeba kodi kubwa kwa uwiano, na mtu wa kwanza kulinunua hapa hukaa juu ya kodi hiyo miaka yote. Akiliuza anataka irudi. Ndiyo maana gari la miaka 20 linauzwa Dar kwa bei ambayo Mjapani angeicheka, na ndiyo maana bei hazishuki upesi kama watu wanavyotarajia. Anayenunua mkononi mwa Mtanzania mwenzake hulipia chuma kidogo na risiti za bandari nyingi.

Ushauri wangu, kwa yeyote anayeweka akiba ya gari la kwanza, ni kwamba asianzie yadi wala kwa dalali. Aanzie Gerezani, mtaa wa maduka ya spea. Kutoka Mchikichini ni mwendo wa miguu: unavuka barabara ya Msimbazi, unapenya Kariakoo, unateremkia kule ambako maduka ya nguo yanakwisha na harufu ya mpira na grisi inaanza. Ingia dukani ukiwa huna gari. Muulize muuzaji shokapu za mbele za gari unalolitaka ni bei gani, bushi, waterpampu, taa ya mbele, kioo cha pembeni, soksi za ekseli. Andika. Halafu uliza hivyohivyo kwa gari la pili unalolitamani. Utagundua kwamba magari mawili yanayouzwa bei moja yadi yanatofautiana mara tatu Gerezani, na kwamba kwa mojawapo muuzaji hajibu kwa bei. Anajibu kwa swali: "Hiyo mpaka tuagize, unaweza kusubiri?"

Swali hilo ndilo bei ya gari. BMW na Volkswagen za mtumba huja kwa bei inayovutia kwa sababu Japani kwenyewe hazigombaniwi zikizeeka. Mtu anaona gari la kifahari kwa pesa ya Premio. Sensa moja ikifa, gari linakaa uani chini ya turubai wiki tatu likisubiri kifurushi kutoka Dubai, na mwenyewe anapanda mwendokasi. Sisemi ni magari mabaya. Nasema hayana mtaa wao hapa mjini, na gari lisilo na mtaa ni gari la mwenye gari la pili.

Upande wa pili kuna injini ya 1NZ, ya cc 1500. Imo kwenye IST ya NCP61, imo kwenye Raum, Spacio, Fielder, Probox, Porte, Ractis na baadhi ya Vitz. Muuzaji wa Gerezani akiweka dukani waterpampu moja ya 1NZ ameshahudumia nusu ya foleni ya barabara ya Uhuru. Fundi aliyeifungua mara mia anaijua gizani. Inatumia cheni badala ya mkanda wa taiming, kwa hiyo hakuna tarehe ya kuogopa mkanda kukatika njiani. Watu wanadhani IST ilishinda Dar kwa sababu ya umbo lake au mafuta kidogo. Kwa maoni yangu ilishinda kwa sababu Gerezani iliikubali. Kuna injini nyingine za Toyota yenyewe ambazo Gerezani ilizikataa. Zile zenye maandishi ya D-4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, utazikuta kwenye baadhi ya Premio, Noah na RAV4 za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mafundi wengi ukiwaonyesha alama hiyo wanakuna kichwa. Gari hilo dalali atakupunguzia bei haraka sana, na utadhani ni ukarimu.

Dukani utaulizwa unataka ipi: orijino, ya kawaida, au mtumba? "Ya kawaida" ni jina la heshima la spea mpya ya bei rahisi ambayo boksi lake limefanana mno na la orijino. Hapa msimamo wangu unapingana na wengi wanaoamini kila kipya kinazidi kila kilichotumika. Kuna vitu ambavyo mtumba wa Japani unashinda kipya cha boksi la kung'aa: mlango, boneti, taa, kioo, mota ya dirisha, hata injini na gia boksi zinazokuja na vichwa vya magari vilivyokatwa kule vikiwa vizima. Na kuna vitu ambavyo mtumba ni kucheza na kifo: brekipedi, mipira ya breki, boljointi, tairi. Tairi lina umri wake ubavuni, tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini umri wa miaka 9 linapasuka kwenye lami ya saa nane mchana bila kukuonya, na mwenye duka wakati huo anauza jingine.

Kuhusu vioo na taa niseme jambo ambalo halisemwi sana mezani. Magari ya Dar yamechongwa namba kwenye kila kioo na kila taa, mengine yamepigwa ribiti kama masanduku ya shule ya bweni, kwa sababu usiku kuna watu wanaovibandua. Vinaenda kwa mtu anayenunua kioo kwa nusu ya bei jioni bila kuuliza kimetoka wapi. Mtu huyo ana gari, ana kazi, na kesho yake analalamika mtaani kwetu kuna wezi.

Kwenye kukagua gari lenyewe sitakaa sana, kwa kuwa mwenye akili ataenda na fundi wake, si fundi aliyeletwa na dalali. Likague asubuhi likiwa baridi; ukikuta limeshawashwa kabla hujafika, rudi siku nyingine. Fungua kifuniko cha oili uone kama kuna utandu mweupe kama maziwa. Na kama mvua kubwa imepita karibuni, inua zulia. Sisi tunaoishi kando ya bonde la Msimbazi tunajua Jangwani ikijaa magari mangapi hubaki majini. Hayatupwi. Yanaoshwa, yananyunyiziwa manukato, yanauzwa. Udongo laini kwenye reli za viti na kutu kwenye skrubu zilizojificha chini ya dashibodi haviondoki kwa manukato.

Karatasi nazo zina mtego. Faini za barabarani hufuata namba ya gari, si dereva, kwa hiyo angalia deni kabla hujatoa pesa. Badilisha umiliki mara moja. Wapo wanaoendesha miaka mitano kwa kadi yenye jina la mtu waliyekutana naye mara moja tu, na wapo waliouza gari na bado wanaitwa polisi kwa ajali ya mtu wasiyemjua.

Tuje kwenye matunzo, maana huko ndiko magari ya Dar yanakofia. Adui wa kwanza ni maji. Mtu anamwaga kulanti iliyokuja na gari, anajaza rejeta maji ya bomba, na mitaa mingi bomba lenyewe ni la kisima, na kisima cha Dar kina chumvi. Chumvi inaanza kula waterpampu na rejeta kutoka ndani. Miezi michache baadaye gari linachemsha kwenye foleni ya Buguruni, silinda hedi inapinda, na mwenye gari anasema amelogwa. Dumu la kulanti ni sehemu ndogo mno ya gharama ya gasketi, sembuse ya injini.

Adui wa pili ni oili namba 40. Ni mazoea ya zama za Peugeot 504 na Datsun, zama ambazo injini zilikuwa na nafasi kubwa kati ya chuma na chuma, na oili nzito ilikuwa dawa. Injini ya VVT-i ina njia nyembamba zinazotegemea oili nyepesi ifike haraka. Nyingi zimeandikiwa 5W-30 kwenye kitabu chao. Fundi wa kijiweni anakuambia nyepesi "inaliwa". Kama inaliwa, injini imeshachoka, na namba 40 ni pazia tu. Wauzaji wa magari wanalijua sana pazia hilo: wiki ya kuuza, wanaweka nzito ili moshi upungue na mlio utulie. Gia boksi za otomatiki zina shida kama hiyo. Za kawaida na zile za CVT hazitumii mafuta ya aina moja, na gari nyingi za Passo, Ractis na Premio za karibuni zimeuawa na haidroliki nyekundu iliyomiminwa na mtu aliyeamini haidroliki ni haidroliki.

Adui wa tatu ni taa ya mafuta. Tumezoea kuweka ya elfu kumi, kisha kuendesha na taa ya njano kama vile ni pambo la dashibodi. Pampu ya petroli imo ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe. Tangi likiwa tupu kila siku, pampu inafanya kazi ikiwa na joto na inavuta uchafu wa chini. Sijui umaskini gani unaotuzuia kuweka ya elfu thelathini mara moja badala ya elfu kumi mara tatu, ilhali petroli ni ileile. Najua ni hofu ya pesa kwisha mfukoni, lakini hofu hiyo inanunua pampu.

Nirudi kwa fundi, kwa sababu lawama zote humwangukia yeye. Anasifika kwa "cha juu": mnaenda naye dukani, anakonyezana na muuzaji, spea ya elfu themanini inakuwa laki na ishirini. Ni kweli, na inaudhi. Lakini tazama tunavyomlipa. Mtu analipa milioni kadhaa kwa herufi ya kibao bila kupepesa macho, halafu fundi aliyelala kwenye vumbi la Mchikichini nusu siku akibadilisha bushi nne anaambiwa, "Si ni kukaza nati tu, chukua elfu kumi na tano." Tumekataa kulipia kazi yake, kwa hiyo anaichukulia dukani. Na akishategemea dukani, kila mlio wa gari lako anaona spea mpya. Taa ya injini ikiwaka anabadilisha plagi, kisha koili, kisha sensa, moja baada ya nyingine, wakati kupima kwa mashine kungemaliza ubishi kwa nusu saa. Mashine haina cha juu.

Wapo niliowaona wakifanya vingine, na magari yao yanadumu. Wanakubaliana ujira kabla boneti haijafunguliwa, na ni ujira wa mtu mzima. Spea wananunua wenyewe, kwa namba ya chesisi, katika duka walilozoeana nalo, na spea iliyotolewa wanairudisha nyumbani waione ilivyokwisha. Wanaandika kwenye daftari dogo kilomita na tarehe. Mwenye milioni 10 miongoni mwao hununua gari la milioni 8, akaacha 2 kwa ajili ya Gerezani, kwa sababu mwezi wa kwanza mtumba wowote unadai chake: oili zote, filta, kulanti, breki, pengine tairi mbili. Majirani wanamcheka kwamba amenunua namba C wakati pesa ya namba D alikuwa nayo.

Fundi wa mmoja wao nimewahi kumsikia akimwambia, huku akifuta mikono, "Mzee, shokapu hizi bado. Njoo mwezi wa sita." Hakuuza kitu siku ile. Alilipwa elfu ishirini ya kuangalia tu, akavuta gari lililofuata kwenye foleni.